Siwa Iliyonyimwa Pumzi

Bismillahi. Sifa zote njema ni za Mola, aliyeupa ulimi uwezo wa kuuliza na moyo uwezo wa kujibu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo: kisa hiki asili yake ni Pangarani, mji wa mawe na chokaa, mji wa mitaa miwili. Watu wa Mtaa wa Juu walikisimulia kwa namna yao, na watu wa Mtaa wa Chini kwa namna yao. Sisi tumekipokea kutoka pande zote mbili, na tunakileta mbele yenu bila kumwongezea mtu jaha wala kumpunguzia mtu haki yake.

Hapo zamani, Pangarani ilikuwa na desturi iliyostaajabiwa na miji yote jirani. Mfalme akitoka Mtaa wa Juu, siwa, lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu, ilikaa mikononi mwa mkuu wa Mtaa wa Chini. Amri ya mfalme haikuwa amri mpaka siwa ilie. Arusi ya waungwana haikuwa arusi mpaka siwa ilie. Mfalme alikuwa na kauli, mpinzani wake alikuwa na pumzi. Na mpinzani akiwa na swali, aliinyima siwa pumzi mpaka ajibiwe.

Zama hizo mfalme alikuwa Mwinyi Shekuwe, na mwenye siwa alikuwa Bwana Lali bin Avoo, mtu mrefu, msomi wa vitabu, asiyepata kuinamisha kichwa ila katika sala. Alikuwa na binti mmoja, jina lake Somoe. Somoe alikwisha kuposwa, amewekwa ndani kama ada ya maharusi, akisingwa kwa liwa, ule msandali wa kusagwa, na mchele wa arusi ulijaza chumba kizima.

Mvua za masika zikapita bila kunyesha, na za vuli zikafuata nyendo za dada zao. Mtama ukapanda bei. Mkate wa mofa uliokuwa ukijaza kiganja ukawa unapotea kiganjani. Hata hivyo watu hawakukata tamaa, kwa kuwa mlangoni mwa ghala la mji walisimama askari wenye mikuki, na ndani, kila mtu alijua, kulikuwa na mavuno ya mwaka wa neema yaliyotolewa na kila nyumba. Wachuuzi nao walilitazama ghala hilo. Walijua kwamba wakizidisha tamaa, mfalme atafungua, na mtama wao utawadodea. Basi wakapandisha bei kidogo kidogo, jicho moja likiwa mlangoni.

Ijumaa moja, baada ya sala, Mwinyi Shekuwe akatoa kauli: kila nyumba ilete tena ghalani sehemu ya nafaka iliyobakiwa nayo. Kisha akamtazama Bwana Lali. Bwana Lali akailaza siwa magotini.

"Mwinyi wangu," alisema, "nafaka tuliyoitoa mwaka wa neema iko wapi?"

"Iko ilipowekwa."

"Mbona haitoki?"

"Itatoka kwa wakati wake. Subira ni ufunguo wa faraja, Bwana Lali, nawe msomi wajua."

"Najua, Mwinyi wangu. Lakini ufunguo wa ghala ni wa chuma, nao umening'inia kiunoni mwako."

Watu wakacheka. Mfalme hakucheka. Na siwa haikulia.

Ijumaa iliyofuata Bwana Lali akauliza, akajibiwa vile vile, akailaza siwa magotini. Mji ukawa hauna amri wala arusi. Vijana wa Mtaa wa Juu wakipita barazani kwake walimkebehi: "Enyi watu wa Chini, mkuu wenu kaishiwa na pumzi?" Na wa Chini wakawajibu: "Pumzi anazo, ila hapulizi juu ya matumbo matupu!"

Akaja mama wa bwana arusi, akagoma kuketi. "Bwana Lali, mwanangu haozwi kimyakimya kama mwizi wa kuku. Puliza, au arusi haipo."

Akaja mjumbe wa mfalme, akaketi karibu sana. "Bwana, Mwinyi anakusalimu. Anasema ukipuliza, Mtaa wa Chini hautatozwa hata punje."

Bwana Lali akanyoosha kilemba chake. "Mrudishie salamu. Mwambie nimeuliza swali la mji mzima, siwezi kupokea jibu la mtaa mmoja."

Mjumbe alipoondoka, Bwana Lali alibaki akilitazama pazia la chumba cha bintiye. Kwa mfalme hakuogopa. Hapo aliogopa. Na sauti ikatoka nyuma ya pazia: "Baba, usipulize kwa ajili yangu. Sitaki kuolewa kwa pumzi iliyonunuliwa."

Ijumaa ya tatu Bwana Lali akauliza, akajibiwa vile vile. Sasa sheria ya Pangarani ilisema hivi: swali likirudi mara ya tatu, mfalme na mwulizaji huingia ghalani wawili tu, na mwulizaji atakalolisema akitoka ndilo litakalokuwa kweli ya mji. Wakaenda, na mji mzima nyuma yao, wachuuzi wakiwa mbele ya wote.

Pale mlangoni Mwinyi Shekuwe akamnong'oneza: "Ndugu yangu, rudi. Mlango huu ndio unaotulisha."

"Nyumba njema si mlango, Mwinyi wangu."

Ufunguo ukazunguka. Wakaingia, wakajifungia. Ndani palikuwa na harufu ya ukungu na sakafu nyeusi. Punje haikuwapo.

"Niliwahimiza waingize nafaka mbichi, haijakauka," alisema mfalme, na sauti yake haikuwa ya kitini. "Niliogopa mvua isije ikaikuta nje. Desturi yakataza kufungua kabla ya mwaka mpya, nawe wajua. Nilipofungua, ikawa imeoza yote. Nikaizika kwa siri, nikawaacha askari mlangoni. Tangu siku hiyo wachuuzi wanauogopa mlango wa ghala tupu, na maskini ananunua. Ile nafaka niliyoitaka sasa ni ya kuliziba pengo hili. Toka useme limejaa, Lali. Bei itashuka leo hii, na siwa italia kwenye arusi ya binti yako."

Bwana Lali akaona uchungu. Alikuwa amejiandaa kumkuta mwizi, akamkuta mtu mwenye haya. Kisha akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nawe umeficha maradhi ya watu, si yako."

Akatoka. Akaipuliza siwa, maana swali lilikuwa limejibiwa, mpaka njiwa wakaruka mapaani. Akasema: "Enyi watu wa Pangarani! Ghala ni tupu. Mwinyi hakuiba. Nafaka iliharibika, naye akaficha. Hiyo ndiyo kweli yenu, ichukueni."

Kabla ya magharibi bei ya mtama ilikuwa maradufu. Wachuuzi wengine walifunga maduka kabisa, wakingoja ipande zaidi. Wiki ile akafariki Mwalimu Faki, mzee kipofu wa Mtaa wa Chini. Kuna waliosema kaondoka kwa njaa, na kuna waliosema kaondoka kwa swali la Bwana Lali. Bwana Lali alilisikia hilo, akalibeba jeneza begani mwake toka nyumbani hadi kaburini, asimpishe mtu.

Siku ya pili yake, Somoe akatoka nje. Bibi arusi hatoki kabla ya siku yake. Yeye alitoka mchana, liwa ingali usoni. Akaufungua mchele wa arusi, akaamrisha masufuria yapelekwe mbele ya ghala, akawasha moto.

Mama wa bwana arusi akaja mbio, buibui likimteleza. "We mwana! Nusu ya mchele huo ni wetu!"

"Kweli, mama," alisema Somoe, akamtandikia mkeka. "Basi keti ule nusu yako."

Bibi yule alimtazama. Akautazama umati wa watu wenye njaa uliokwisha kukusanyika nyuma yake. Akaketi. Wakaketi na wengine, wa Juu na wa Chini, sinia moja. Na kila aliyekula aliona haya, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mtungi wa nafaka iliouzika ikitegemea ghala lifunguliwe kwanza. Jioni mtungi mmoja ukaletwa. Asubuhi ikaletwa mingine. Ghala likapata nafaka mpaka magotini, na mlango ukaachwa wazi, kila mpita njia aone. Wachuuzi walipouona moto hauzimiki, maduka yakafunguka na bei ikateremka. Mji ukaendelea hivyo mpaka mvua ikanyesha.

Mvua iliponyesha, mji ukataka kumtukuza mmoja. Desturi ilikuwa pumzi moja ya siwa, mbele ya mlango mmoja. Na nyumba hiyo watu wake huketi mbele kizazi baada ya kizazi.

Watu wa Mtaa wa Juu wakasema: "Ni Mwinyi Shekuwe. Alikosea, ndiyo, lakini alibeba aibu yake peke yake, na kwa mlango mtupu aliwalisha maskini miezi kadhaa. Nani mwingine amepata kulisha watu kwa mlango?"

Watu wa Mtaa wa Chini wakasema: "Ni Bwana Lali. Alipewa bei ya kunyamaza, akaikataa. Akapewa bei ya kusema uongo, akaikataa. Bila swali lake, mitungi yenu ingekuwa mchangani hata leo, nanyi juu yake."

"Na Mwalimu Faki?" wakauliza wa Juu.

Wanawake wa mitaa yote miwili wakasema: "Mmoja alificha, mmoja akafichua, na sufuria ilikuwa bado tupu. Ni Somoe aliyepika."

"Alipika mchele wa watu!" akapaza mtu. "Tena alivunja ada!"

"Nawe uliula," wakamjibu.

Bwana Lali akasimama njia panda, kichwa juu, siwa mdomoni, kifua kimejaa pumzi. Kulia kwake mlango wa mfalme aliyempinga. Kushoto mlango wake mwenyewe, na mlango huo ulikuwa na haki mbili ndani, ya baba na ya binti, na pumzi ilikuwa moja. Sheria haikumruhusu kuchagua. Aliungoja mji useme, na mji haujasema.

Basi semeni ninyi mliosikiliza, maana pumzi ya Bwana Lali ingali kifuani: aliyefunga mlango akawalisha watu, aliyeufungua akawaambia kweli, na aliyepika mbele yake. Je, nani alistahili siwa?

Mola aibariki midomo yenu iulizapo na masikio yenu yasikiapo. Asiyafanye maghala yenu kuwa matupu, na yakiwa matupu, asiwanyime mtu wa kuwaambia, wala mtu wa kuwasha moto. Amin.