Ukungu Kwenye Gemu la Masoudi

Masoudi, mwenye kibanda cha gemu karibu na stendi ya Ruangwa, alikuwa amewaahidi vijana mashindano ya kuendesha malori siku ya Jumamosi. Kasoro ilikuwa moja tu. Tangu afunge kompyuta mpya, picha zilikuwa na ukungu: miti ilionekana kama uji uliomwagika, na barabara ilipotelea mbele ya lori. Wateja walikwisha kunong'ona kwamba watakwenda zao Nachingwea kwa Dastani, mwenye kibanda kama hicho, na kibanda kisicho na wateja hufungwa.

Masoudi aliilaumu salfa. Ulikuwa msimu wa kuipulizia mikorosho dawa hiyo, na vumbi lake lilitua kila mahali, hata kwenye sahani za wali. Akafuta kioo asubuhi, akafuta adhuhuri, akafuta mpaka kitambaa kikatoboka. Ukungu ukabaki palepale.

"Baba Huzaifa, si umuulize Dastani?" mkewe Zuleha alimwambia. "Mwenzio kompyuta kazisomea."

"Yule mtani? Atanicheka huyo! Tena mimi ni mkubwa kwake."

Ijumaa ilipowadia, maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alipanda basi dogo hadi Nachingwea. Dastani alipomwona mlangoni, aliangua kicheko mbele ya wateja wake wote.

"Leo mtani umekwama! Niamkie kwanza, ndipo tuongee."

Kumwamkia mtu mdogo kwake kwa miaka saba! Uso ulimwaka Masoudi kwa aibu. Hata hivyo, aliwakumbuka vijana wake, akainamisha kichwa. "Shikamoo, Dastani."

"Marahaba, mwanangu," Dastani akajibu, na watu wakavunjika mbavu kwa kucheka. Lakini mtani hacheki akakuacha na shida yako. Alimsikiliza shida yake, akavaa kofia, wakaondoka pamoja.

Walipofika Ruangwa, Dastani hakukigusa kioo. Alifungua mipangilio ya kadi ya picha. "Tazama. Hapa umechagua kasi, ndiyo maana kadi inapunguza ubora wa kila kitu. Weka ubora. Na hapa kwenye uwazi wa vitu vya mbali, pandisha hadi kumi na sita, ndio mwisho wake. Haya, washa gemu."

Masoudi akawasha. Subhanallah! Magome ya miti yalikuwa na nyufa. Kokoto zilionekana moja moja hadi mwisho wa barabara, na kibao kilichokuwa doa jeupe sasa kilisomeka kila herufi. Masoudi alisimama kinywa wazi, kama mtu aliyetolewa mtoto wa jicho. Uzuri wote huo ulikuwamo ndani ya mashine tangu siku ya kwanza! Machozi yalimlengalenga, wala hakuyaficha.

Jumamosi kibanda kilifurika hadi nje, na wale waliotaka kwenda Nachingwea ndio waliopiga kelele kuliko wote. Masoudi angeng'ang'ania ukubwa wake, siku hiyo angekuwa amefunga mlango. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.