Fisi na Chumba cha Kuelewa

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Basi yafungueni, na midomo mniachie mimi.

Hapo kale Fisi alitaka kuwa mgawaji nyama wa wanyama wote. Mgawaji ndiye hushika kisu, na mshika kisu ndiye hula maini. Lakini cheo hicho hupewa msemaji hodari, na Fisi akisimama barazani alikuwa na neno moja tu: "Nipeni!" Kisha anacheka.

Asubuhi ya baraza akamvizia Nguchiro, mdogo wa mwili, mkubwa wa maneno. Pu! Akamkanyaga mkia.

"Nakula ubongo wako. Maneno yako yote yawe yangu!"

 Nguchiro aliogopa, asikudanganye mtu. Lakini ulimi haukutetemeka.

"Mjomba, ubongo wangu haujazi hata pengo la jino. Wako ndio ubongo! Kichwani, upande wa kushoto, mna vyumba viwili. Cha mbele hutunga maneno. Cha nyuma, juu ya sikio, huyaelewa. Shida yako, mjomba, unaelewa mno. Chumba cha kuelewa kimefura, kimekibana cha kusema."

"Kweli, naelewa mno," akasema Fisi, kifua mbele.

"Basi kitikise kipungue. Jiwe hilo hapo."

Fisi akagonga kichwa, juu ya sikio la kushoto. Gbu!

"Bado, mjomba."

Gbu!

"Bado kidogo, mjomba."

GBU!

Maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. "Ndugu wapendwa! Ukwato wa jana umeiva mawinguni, hivyo tuutandike mbuzi kwa mshikamano!"

"Mjomba, mkia wangu."

"Naam, kabisa! Mvua ina magoti!" akajibu Fisi, akainua mguu kutilia mkazo. Puruu! Nguchiro huyoo!

Fisi akaenda barazani, akahutubia mpaka jua likachoka. Hakuna aliyeelewa hata neno.

"Huyu amesoma," akanong'ona Twiga.

Wakampa kisu papo hapo.

"Mheshimiwa, gawa nyama!"

Fisi hakuelewa. Akahutubia.

"Mheshimiwa, tuna njaa!"

Akahutubia tena. Nao, wajinga wale, wakapiga makofi kwa matumbo matupu. Nyuma ya mheshimiwa, Nguchiro alikuwa anakula maini.

Hadithi imeishia hapo. Aliyeshiba aende zake, mwenye njaa aendelee kushangilia.

Na funzo, watoto: msemaji akisema sana, mheshimuni, wala msimuulize amesema nini.