Waliolala Vichwa Vikielekea Mto

Ndugu zangu, niazimeni masikio. Kulikuwa na mkulima mmoja wa mpunga katika bonde la kando ya mto, pale pale ambapo mababu zake walipigana na watu wa ng'ambo. Vita vile vilikuwa vikubwa, mpaka leo watu wa huko wanavitambia.

Sasa, ukoo wake ulikuwa na desturi. Jembe likifukua mifupa ya mtu, kwanza tazama alivyolala. Kichwa kikielekea mto, huyo ni wetu, alianguka akimfukuza adui, azikwe kwa heshima. Kikielekea kwingine, ni adui, atupwe ng'ambo awafuate wenzake.

Mwaka mmoja, mawingu yameshatanda, jembe likagonga mfupa. Akafukua taratibu. Lo! Walikuwa wawili, bega kwa bega, kifudifudi, na vichwa vyote viwili vimeelekea mto. Babu wa mama yake alifia humo bondeni bila kaburi, na mama huyo, sasa bikizee, alikuwa kitandani, akiomba babu yake azikwe kabla yeye hajafa.

Akamkimbilia. "Mama, yupi wetu?"

"Si nilikwambia, mwanangu? Anayeelekea mto."

"Wote wanaelekea mto!"

"Basi katazame tena."

Akatazama tena. Akazunguka, akachuchumaa, akachanganyikiwa. Hebu niambieni nyinyi: anayefukuza na anayekimbia, si wote wanaelekea upande mmoja? Miaka yote hiyo, mbona hakuna aliyeliwaza hilo?

Kwa kukosa la kufanya, akamwita jirani wa ng'ambo, mtu ambaye hakuwa hata akisalimiana naye. Jirani akavuka, akatazama, akakuna kichwa.

"Hata mimi sijui. Ila wale mliokuwa mkitutupia, sisi tuliwazika wote."

"Wote? Mlijuaje kuwa ni wenu?"

"Hatukujua. Lakini mifupa ya mtu utaiachaje juani?"

Mkulima akaketi matopeni, akalia. Wakawazika wale wawili kaburi moja, mvua ikiwanyeshea.

"Umemzika?" mama akauliza.

"Nimemzika, mama."

Nani hasa? Mimi sijui, nanyi hamjui. Lakini sisi tuliomo humu kanisani, tunaopimana kwa ukoo na kwa benchi analokalia mtu, tumeshawatupa wangapi ng'ambo? Na kama walikuwa wetu, tumewahi kuvuka kumshukuru aliyewaokota?