Kwa Nini Vyura Hunyamaza Ukikaribia

Nasikia mmoja wenu amejiunga na kundi la mashabiki huko kwenye simu, akauliza maana ya neno moja, akachekwa mpaka akajitoa. Njoo ukae hapa mbele, mjukuu wangu. Jambo hilo halikuanza na simu, lilianza na vyura.

Kale hiyo, mbingu ilikuwa chini kiasi kwamba ulimsikia Ngurumo akikohoa kabla hajaanza kupiga ngoma. Na ngoma alikuwa anaijua, wallahi! Siku akipiga, tembo aliacha kula na mamba akamsahau aliyekuwa akimvizia. Lakini hakuna waliompenda kama vyura. Msimu mzima walijazana kwenye bwawa la matete, wakimsifu kwa makelele, na hawakumnyamazia mpita njia yeyote, awe simba, awe nyoka.

Kila pigo walilipa jina. Lile fupi la kushtua waliliita kisigino. Lile refu linaloviringika mpaka milimani, mgongo wa bibi. Lile la jua kali lisilofuatwa na mvua, chungu kikavu. Mwanzoni majina yaliwasaidia kukumbuka. Baadaye yakawa mlango, tena wa kufungwa kwa ndani.

Mbali na bwawa hilo, kwenye mgomba uliosimama peke yake, aliishi chura mdogo wa kike aitwaye Nakiete. Alimpenda Ngurumo tangu akiwa kiluwiluwi, na hakuwa na wa kumwambia, maana jirani zake walikuwa konokono, na konokono akisikia ngurumo hujifungia ndani. Siku mbayuwayu alipomdokeza kwamba kuna bwawa zima linalomshabikia Ngurumo, hakungoja hata kula. Aliruka asubuhi yote, moyo ukimdunda kwa furaha, akijisemea, "Kumbe tupo wengi. Kumbe si mimi tu."

Alifika wakati mazungumzo yamepamba moto.

"Jana kafungua kwa mgongo wa bibi, kisha kisigino juu ya kisigino," alisema mmoja.

"Acha bwana. Hiyo haifikii chungu kikavu cha mwaka wa nzige," akajibu Mzee Kirongo, mkongwe wa bwawa na mwamuzi wa majina yote.

"Shikamooni, wakubwa," alisema Nakiete. "Samahani, chungu kikavu ndicho kipi?"

Bwawa zima likaangua kicheko.

"Hajui chungu kikavu," Kirongo aliwaambia wenzake, kana kwamba Nakiete hayupo. Kisha akamgeukia. "Binti, kasikilize kwanza misimu miwili mitatu, ndipo uje kuongea na watu."

Nakiete alitoka kwenye matete, akaketi nyasini. Iliuma. Kupenda kitu ukiwa peke yako kunavumilika. Kukipenda katikati ya wenzako wanaokipenda, na bado ukawa peke yako, hiyo ni pilipili ya machoni. Akaazimia kurudi kwa konokono wake na asije tena.

Kabla hajaondoka, Ngurumo alikohoa. Kisha akapiga. Lilikuja pigo ambalo halijawahi kusikika, linapanda, linashuka, linageuka njiani, ardhi inatetemeka mpaka maji yanaruka! Bwawani ugomvi ukazuka papo hapo: huyu anasema ni kisigino kirefu, yule anasema ni mgongo wa bibi uliovunjika, Kirongo naye anawakemea wote ili aamue yeye. Walibishana, na pigo likawapita. Nje, kwenye nyasi, Nakiete alisahau machungu yake yote. Koo lilimfura, ikamtoka sauti isiyo na neno hata moja ndani yake: "Kwiii! Kwiii!"

Kirongo akageukia nyasini. Sauti ile aliijua. Ndiyo iliyomtoka yeye siku ya kwanza kumsikia Ngurumo, kabla hajajua jina la pigo lolote, na hakukumbuka ni lini ilimtoka mara ya mwisho. Aliona wivu, kisha akaona aibu.

"Nyamazeni," aliwaambia. "Mwacheni mgeni aseme."

Bwawa likawa kimya. Nakiete aliposikia kimya kile alidhani amekosea tena, naye akanyamaza. Wakabaki wanangojeana. Ikabidi Kirongo mwenyewe, pamoja na ukongwe wake, aanze: akatoa kwiii ya kukwaruza, mbaya kweli. Nakiete akamjibu. Ndipo wote wakapokea kwa shangwe, na siku hiyo hakuna aliyetaja jina la pigo.

Na tangu siku hiyo, vyura wakisikia nyayo za mgeni kando ya maji hunyamaza wote kwa pamoja. Watu husema wanaogopa. Hawaogopi, wanakupisha useme wewe kwanza. Na sisi husimama pale kama magogo, hatusemi kitu, mpaka mmoja wao anatuonea huruma na kutuanzishia.