Jina la Mtoto wa Koplo Mhagama

Hapo zamani, enzi za vita vya Burma, divisheni ya askari wa miguu kutoka kwetu ilivuka bonde la matope. Miezi mitatu mvua haikukatika. Buti ziliwaozea miguuni, na bado walitembea.

Miongoni mwao alikuwamo Koplo Mhagama, Mngoni wa Songea. Bomu likamvunja nyonga. Wenzake wakarudi nyuma, lakini Wambua, Mkamba, akageuka. Akambeba mgongoni siku mbili, matope magotini.

Kwenye mahema ya wagonjwa koplo akashikwa na malaria. Dawa zilikuwa zimekwisha. Dresa Lutaaya, Muganda, naye alikuwa na homa hiyohiyo, kabakiwa na vidonge vyake mwenyewe. Akampa koplo vyote. Asubuhi, mikono ikimtetemeka, akapapasa mshipa wa mgonjwa, asiusikie.

"Amekwisha," akasema, akalia.

Kaburi likachimbwa. Mhagama, ndani ya blanketi, alisikia yote ila jicho hakuweza kulifungua. Ndipo akaja Mgimwa, Mhehe, mtani wa Wangoni, na mnajua mtani msibani hana adabu. Akaruka kaburini, akajilaza chali.

"Mngoni huyu kazoea kutunyang'anya. Leo hata shimo? Sitoki mpaka mnipe tumbaku."

Wakambembeleza, akagoma. Wakaenda kutafuta tumbaku. Kicheko kikampanda Mhagama kifuani, kikatoka kikohozi. Waliobaki wakafunua blanketi, wakamkuta yu hai.

Koplo akapona. Lutaaya akafa wiki ileile, akazikwa katika shimo lile.

Vita vikaisha. Mhagama akapata mtoto wa kiume, na kwa umri wa mkewe, mkunga alisema huyo ndiye wa kwanza na wa mwisho. Kitovu kilipodondoka, siku ya kutoa jina, wageni wakafika.

Wambua akasema, "Kaka, bila mgongo wangu ungeoza bondeni. Mpe jina langu."

Mgimwa akasema, "Mimi nilitaka tumbaku tu, sikatai. Lakini bila utani wangu ungefukiwa ukipumua, tena kwa kauli ya Lutaaya. Mpe langu."

Kisha ikasomwa barua ya mama yake Lutaaya: "Mwanangu, wenzako wana watoto. Wangu alikupa dawa yake, hakuacha hata mtoto mmoja wa kubeba jina lake."

Mhagama akamtazama mtoto, machozi yakamtoka. Wote watatu aliwapenda.

"Baba," mkewe akasema, "mtoto anangoja."

Haya, nyinyi mlionisikiliza: je, aitwe nani?