Kwa Nini Mama Hupima Homa kwa Mgongo wa Mkono

Zamani, kabla binadamu hajajua kujikuna, mwili ulikuwa na ngozi ya tabaka moja tu, nyororo kama ule utando wa ndani ya yai. Unyasi ukikugusa, machozi. Nyie mnaolalamikia jua hapo mngekoma. Akina mama waliwabeba watoto juu ya majani ya mgomba, maana kumshika mtoto ilikuwa ni kumchubua.

Mama mmoja, Mbeyu, alikandika nyumba za watu kwa udongo, akitumia mwiko na kuuma meno. Mwanawe Chengo alikuwa ameanza kutambaa, naye mama hajamkumbatia hata siku moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko vidole vyake. Akamwendea Mulungu, Muumba wa watu, kuomba ngozi nyingine.

Mulungu akamwambia kazi hiyo inataka muda. Mbeyu, ambaye kila msimu aliwagombeza wenye nyumba kwa haraka zao, akajibu, "Tupake moja nene, Baba, leo hii."

Wakapakwa. Watu wakapita katikati ya miiba wakicheka. Viwiko na magoti vilianza kupasuka, lakini nani alijali, hakuna aliyesikia maumivu. Mbeyu akamkumbatia Chengo kutwa nzima.

Jioni mtoto akalegea, macho yakamgeuka. Kumbe alikuwa akiungua homa kifuani pa mama yake tangu asubuhi, na mama hakuhisi kitu. Mbeyu aliogopa. Akambeba hivyo hivyo hadi kwa Mulungu.

"Nivue hii ngozi," akasema. "Afadhali niumie nijue."

"Nyumba huwa unaikandika vipi, mwanangu?"

Mbeyu akainamisha kichwa. "Udongo mzito kwanza, wa kujaza. Halafu wa kushika. Mwisho nasiriba mwembamba, na huo wa juu ukipukutika nasiriba tena."

"Ulijua, basi."

Mulungu akaanza upya. Chini akaweka mafuta ya kutunza joto. Katikati akaweka damu, jasho, mizizi ya nywele na hisia zote. Juu akasiriba tabaka jembamba lisilo na damu, lipukutike kila siku na kuzaliwa tena, ili la katikati lisichubuke. Kwenye kope alisiriba kidogo mno. Kwenye nyayo na viganja akarudia na kurudia, kwa sababu ya miiba na mwiko.

Mbeyu akamshika Chengo kwa kiganja, asiwe na hakika. Akageuza mkono, akamgusa shingoni kwa upande wa pili. Moto. Akalia kwa furaha, akamkanda kwa maji, mpaka ngozi mpya ya mtoto ikatoa jasho na homa ikashuka.

Na tangu siku hiyo ngozi yetu ni ya matabaka matatu, ile ya juu ikitutoka kama vumbi bila sisi kujua. Naye mama akimshuku mtoto homa, hageuzi shingo kumwuliza mtu. Hugeuza mkono.