Mashine Iliyolia Kila Hatua

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Mama wenye wachanga, watoto wakilia waacheni walie, kelele za watoto nimezizoea. Leo nataka kusema juu ya kelele nyingine.

Palikuwa na uwanda mmoja chini ya kilima, mahali ambapo Wajerumani na Waingereza walipigana katika vita vile vya kwanza. Majeshi yalipita yakaacha vyuma ardhini: maganda ya risasi, vifungo vya makoti, vijiko, makopo ya nyama. Siku hizi wako watu wanaopenda kutafuta vitu hivyo. Wana mashine, fimbo ndefu yenye sahani bapa chini. Unaipitisha juu ya ardhi kama unafagia, na ikipita juu ya chuma, inalia. Wanakwenda kwa kikundi, kwa ruhusa ya watu wa makumbusho, na kila wanachopata wanakiweka juu ya shuka jeupe ili wote waone.

Jirani na uwanda ule aliishi bibi mmoja. Babu yake alichukuliwa wakati wa vita kuwa mpagazi, kubebea wazungu mizigo kichwani, na hakurudi. Askari waliokufa walijengewa makaburi mjini, yenye majina na maua. Wapagazi hawakupata hata jiwe. Lakini bibi alikuwa amesikia kwa mama yake kwamba kambi ya wapagazi ilikuwa pale pale, chini ya kilima, na kwamba wengi walizikwa hapo kwa homa na njaa.

Sasa uwanda ule ulikuwa wa shamba la mkonge, na shamba lilitaka kulima. Bibi akaenda kwa msimamizi, akakaa mlangoni kwake mpaka akasikilizwa. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Akamwambia, "Bibi, maneno ya mama yako siwezi kuyapeleka ofisini. Niletee kitu kimoja cha mpagazi kutoka hapo, kimoja tu, na mahali hapo sitapagusa. Ukikosa, keshokutwa asubuhi trekta inaingia."

Ndiyo maana bibi aliita kikundi. Wakaja kesho yake asubuhi na mashine zao, na akina mama wa jirani wakaja na sufuria, maana watu wakichimba lazima wale.

Kabla ya kuanza, wana desturi yao. Kila mtu anavua vyuma vyake. Saa, mkanda wenye bizimu ya chuma, funguo, sarafu mfukoni, vyote vinaachwa kwenye beseni, kwa sababu mashine haijui chuma cha vita na chuma chako. Kisha wanagawana ardhi kwa kamba, kila mtu na kipande chake. Na ukichimba shimo, unalifukia.

Katika kikundi alikuwepo bwana mmoja, Baba Mwakio, mwenye mashine mpya kuliko zote. Alivua saa. Alivua mkanda, akafunga suruali kwa kipande cha kamba ya mkonge, akina mama wakacheka. Alitoa funguo. Alikuwa mtu wa kufuata sheria, msinielewe vibaya.

Akapiga hatua ya kwanza, mashine ikalia. Akachimba. Hakuna kitu. Akapiga hatua nyingine, ikalia tena, kali zaidi. Akachimba. Hakuna kitu.

"Viko chini sana!" akapiga kelele. "Jamani, hapa pamejaa! Ni ghala zima la silaha!"

Mwenzake wa kipande cha pili akamwambia, "Yangu hapa hailii hata kidogo."

"Yako ni ya kutafutia sindano za cherehani. Njoo uone mashine!"

Akaja. Na mwingine akaja. Hata wale waliokuwa mbali, ambao mashine zao zilikuwa zimeanza kulia kidogo kidogo, waliacha vipande vyao. Nani atabaki na mlio mdogo wakati jirani yake anapigiwa honi? Wote wakaenda kuchimba kwa Baba Mwakio. Yeye anatembea na mashine, inalia, anaonyesha kidole, wao wanachimba. Jua likapanda. Mashimo yakaenea kama uwanja umechimbwa na nguruwe mwitu. Juu ya shuka jeupe palikuwa na kifungo kimoja na kijiko kilichopinda, vitu vya askari, vilivyopatikana asubuhi kabla watu hawajahama. Cha mpagazi hakuna.

Bibi alikuja akaangalia mashimo, akaangalia shuka. "Mwanangu," akauliza, "una hakika?"

"Bibi, sikiliza mwenyewe." Akapiga hatua mbili, mashine ikapiga mayowe. "Hiki chuma kinaongea. Kabla ya jioni nitakupa mzinga."

"Sitaki mzinga. Nataka mpagazi."

Ikafika saa ya chakula. Akina mama wakatandika mkeka, wakaweka ugali na maharage na kachumbari. Na ninyi mnajua, kwenye mkeka hakuna anayepanda na viatu. Baba Mwakio akavua viatu vyake akaviweka ukingoni, akalaza mashine kando yake, bila kuizima, maana alikuwa na haraka ya kurudi. Akanawa mikono.

Viatu vyenyewe vilikuwa buti za mjengo, mpya, kubwa, zinang'aa. Mama aliyekuwa anapakua maharage akaziona karibu na sufuria yake. Mama yeyote hapa angefanya nini? Alifanya hivyo hivyo. Akasonya, akazishika buti kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, akazivusha upande wa pili, juu ya ile mashine.

Mashine ikapiga yowe.

Baba Mwakio akaruka na ugali mkononi. "Iko hapa! Ondoeni sufuria! Iko chini ya mkeka!"

"Hakuna atakayechimba kwenye mkeka wangu," akasema yule mama. "Na hizi buti nimeshazitoa, keti ule."

"Nakwambia imelia!"

Yule mama akasimama kidogo. Akaangalia mashine, akaangalia buti. Akazirudisha zilikotoka. Yowe. Akazivusha tena polepole. Yowe.

Akagonga buti mbele, pale penye vidole, kwa mwiko. Ngo ngo ngo. Chuma. Si mnazijua buti za mjengo? Mbele zina kofia ya chuma, tofali likikuangukia lisikuvunje vidole.

Watu wote wakageuza macho kwenye buti. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, na mwingine, na yule mama akakaa chini na mwiko wake akicheka mpaka machozi. Walikuwa wamechimba asubuhi nzima vidole vya miguu vya Baba Mwakio.

Baba Mwakio peke yake hakucheka. Alikaa ameinama, ugali umemgandia mkononi. Alikuwa anafikiria trekta. Bibi akamwona.

"Cheka na wewe, mwanangu," akamwambia. "Jua halijazama. Ukimaliza kula, kazi yako ya kwanza ni moja: yale mashimo yote, fukia."

"Bibi, tumepoteza muda. Niende nikatafute kwingine kwanza."

"Fukia kwanza. Mbuzi wangu wanapita pale. Na buti ziache hapa hapa. Chukua ndala zangu."

Ndala za bibi zilikuwa za plastiki, rangi ya waridi, na visigino vya Baba Mwakio vilining'inia nje nyuma. Akaenda hivyo, akina mama wakimpigia vigelegele kama bwana harusi, na sasa na yeye akaanza kucheka. Wenzake wakarudi kila mtu kwenye kipande chake. Yeye akashika jembe na mashine, akaanza na shimo lake la kwanza.

Akapiga hatua. Kimya. Akapiga nyingine. Kimya. Baadaye alisema kimya kile kilimtisha kuliko kelele, kwa sababu asubuhi nzima alijiona tajiri, na sasa akajua hana kitu.

Alifukia shimo la kwanza, na la pili, na mengine. Kila mara, kabla ya kurudisha udongo, alipitisha mashine juu ya lundo, kwa mazoea tu. Karibu na shimo alilokuwa amejisifia kwa bibi, mashine ikatoa mlio. Si yowe. Mlio mdogo, kama kifaranga ndani ya yai.

Akasimama bila kusogea. Akaangalia miguu yake. Ndala za waridi. Akapitisha tena. Ikalia tena, mahali pale pale.

Hakuwa na haja ya kuchimba. Alikuwa ameshachimba asubuhi, akakitoa kwa jembe lake mwenyewe, akakitupa kando na udongo, huku akikimbilia kelele za buti. Akapiga magoti akapekua kwa vidole. Kisahani cha shaba, ukubwa wa kizibo cha soda, kimetobolewa tundu la kamba, na nambari imegongwa juu yake. Ndicho walichovishwa wapagazi shingoni, wasiulizwe majina.

Akawaita wenzake. Walipoona ameinua jembe juu wakaja mbio, na mwiko ukaja, na bibi akaja miguu mitupu.

Akakipokea. Akakisugua kwa kanga yake mpaka nambari ikasomeka.

Mmoja akamwambia kwa upole, "Bibi, hatuwezi kujua kama ni cha babu yako."

"Si lazima kiwe cha babu yangu," akasema. "Kilikuwa cha mtu, na alikuwa hapa. Nimewaambia siku zote walikuwa hapa."

Vigelegele vilisikika mpaka kwenye nyumba za shamba. Msimamizi akaja mwenyewe, akakishika, akavua kofia. Na asubuhi trekta ilipokuja, ilizunguka mahali pale kwa mbali, ikalima kwingine.

Haya, ninyi mlionisikiliza. Buti ni za nani?

Sisi tunapoingia mahali, kila kitu kinalia. Mkwe ana kasoro. Jirani ana kasoro. Kwaya ina kasoro, mchungaji anahubiri sana, mchungaji anahubiri kidogo. Tunahama nyumba, kunalia. Tunahama kanisa, kunalia. Tunasema, "Dunia hii imejaa ubaya!" na tunawaita wengine waache vipande vyao waje tuchimbe pamoja. Je, umewahi kujiuliza kwa nini inalia kila unapokanyaga wewe?

Baba Mwakio alivua saa na mkanda na funguo. Sisi pia tumevua vitu vingi, tunavihesabu kwa fahari. Lakini kuna kile tunachokipenda, kipya, kinachong'aa, ambacho hatukioni kuwa ni chuma. Kiburi changu mimi nakiita msimamo. Wewe chako unakiitaje?

Sikuwaletea habari hii ili mnune. Buti zinavulika! Unafungua kamba, unavua, umemaliza. Watu watakucheka, na wewe ucheke nao, kisha uende ukafukie mashimo uliyowachimbia watu. Yule mtu uliyemtupa kando na udongo ukikimbilia kelele, bado yuko pale kwenye lundo. Mungu hakumruhusu apotee. Anatoa sauti ndogo, na utaisikia ukiwa na ndala za waridi.

Leo ukifika nyumbani, kabla hujamwambia mtu yeyote neno, simama mlangoni kwanza. Angalia miguu yako.

Simameni tuimbe. Na ninyi wa nyuma mnaochungulia viatu vya jirani, nimewaona.